Greda Iliyojua Siku

Kwenye mlima wetu, mwendo mfupi kutoka Ekerenyo, greda ikionekana watu huuliza kwanza nani amekufa. Si utani. Barabara yetu huchongwa kukiwa na mazishi ya mtu ambaye wakubwa watakuja kumlilia, ili magari yao ya chini yasikwaruze matumbo. Mwalimu mkuu mstaafu akifa, tunapata barabara. Mama wa kawaida akifa, jeneza hupandishwa mlima mabegani, na wabebaji huteleza kwenye tope wakiimba.

Kwa hiyo Ijumaa ile lori refu lilipopanda likitweta, limebeba greda mpya iliyong'aa kama kijiko cha wageni, jirani yetu alinyanyuka kati ya michai yake, kikapu mgongoni.

"Ni nani tena?" akapaza sauti.

"Hakuna," nikamjibu. "Ni kazi ya barabara tu."

"Bila maiti?" Akacheka, akainama kuendelea kuchuma. "Ngojeni. Watamtafuta."

Nilicheka pia, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimeamini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya uchumi ndani ya bahasha, na kama kuna kitu nilichotoka nacho kule ni tabia ya kuuliza nani anafaidika. Mama alisema ni ugonjwa. Nikiletewa chai nitauliza sukari imetoka wapi. Kwa wakati huo nilikuwa nashika fimbo ya kupimia ya fundi wa vipimo katika kazi hiyohiyo ya barabara, kibarua nilichopata kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa opareta wa greda wa mkandarasi.

Mkandarasi alikuwa mtu wa Suneka. Alikuwa amepewa kazi ya kuchonga na kumwaga changarawe kuanzia sokoni, kushuka na kupanda migongo ya vilima vyetu hadi vituo vya kununulia majani chai. Baba alimfanyia kazi tangu mimi sijaanza shule, kwenye greda moja kuukuu. Naikumbuka ile mashine kuliko ninavyokumbuka nyumba yetu ya kwanza. Ilikuwa na usukani mpana na safu mbili za leva nyembamba zilizosimama mbele ya opareta. Mlango mmoja haukuwa na kioo. Kitini palikuwa na gunia, lakini gunia lile halikuchakaa, maana baba hakukaa. Alifanya kazi amesimama, kifua kimeegemea usukani, akichungulia chini kushoto na kulia kuona bledi, kile chuma kirefu kilichopinda ambacho greda hubeba tumboni na kuchongea nayo ardhi. Ukimwona kutoka mbali ungedhani ni mtu anayehubiri.

Sasa dereva wa lori, alipomaliza kushusha greda mpya, alileta ujumbe wa mdomo. Ile ya zamani imerudishwa Suneka. Mwalimu wa mashine amekuja kutoka Nairobi. Mafunzo ni kesho, mtihani ni Jumatatu. Atakayepita ataendesha, asiyepita atapumzika.

"Kesho ni Sabato," baba akasema.

"Mzee, mimi nimetumwa tu," dereva akajibu, akipanda kwenye lori lake.

Hapo ndipo niliposhikwa na shaka. Huku kwetu Jumamosi asubuhi nusu ya mlima iko kanisani. Hata maduka hufunguliwa nusu mlango. Mtu atakayepanga jambo Jumamosi ama ni mgeni, ama anajua anachokifanya.

"Wanakuondoa, Tata," nikamwambia tukitembea kurudi nyumbani.

"Hakuna anayeniondoa. Yule mwalimu ametoka Nairobi, hajui."

"Mkandarasi si wa Nairobi. Anajua unasali siku gani."

Baba alivua kofia, akaipiga vumbi kwenye goti, akaivaa tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kusema mazungumzo yamekwisha.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikamwambia nitakwenda mimi. Nitasikiliza, nitatazama, Jumapili nitamfundisha. Mama alikuwa anapanga sufuria za chakula kilichopikwa mapema. "Na ibada?" akauliza, ingawa alijua kwamba sikuwa nimekanyaga kanisani tangu nirudi kutoka chuo. Baba hakuniangalia.

"Mimi sikutumi," akasema.

"Sijasema unanituma."

"Basi ijulikane. Sikutumi."

*

Mwalimu wa mashine alikuwa rika langu, buti safi, kishikwambi mkononi. Tulikutana kwenye uwanda ulio kando ya kituo cha majani chai. Nilimkuta kijana mwingine, opareta kutoka Suneka aliyetumwa na mkandarasi, mwenye mikono myepesi na miwani ya jua aliyoivaa hata mawingu yalipotanda. Kwa hiyo shaka yangu ikapata sura. Walikuwa tayari wameshaleta mtu.

Nikapanda kwenye kabini na kutafuta usukani, sikuuona. Palikuwa na kiti kinene kama cha daktari wa meno, na kila upande wa kiti, pale mkono unapolala, kijiti kimoja kifupi chenye vitufe kichwani. Basi. Kijiti cha kushoto ukikilaza huku au kule magurudumu yanafuata, ukikivuta au kukisukuma ncha ya kushoto ya bledi inapanda au kushuka, ukikizungusha mashine inajikunja kiunoni. Gia ziko kwenye kidole gumba. Cha kulia kina ncha nyingine ya bledi na mambo yake. Vioo vimeshuka mpaka karibu na miguu na vimelazwa kwa pembe, ili opareta aione bledi akiwa amekaa. Nyuma kuna kamera. Ndani kuna utulivu wa kutisha. Injini inanguruma, nawe unasikia saa yako ya mkononi.

"Kwa nini mliondoa usukani?" nikauliza.

"Mikono, boss. Ile ya zamani opareta anazungusha na kuvuta siku nzima. Jioni mabega yamekufa. Hapa unasogeza kifundo tu."

"Nani aliwaambia mabega yanauma?"

"Watengenezaji waliwauliza maopareta."

"Wa wapi?"

Akatabasamu. "Si wa Nyamira."

Kijana wa Suneka akacheka. Mimi sikuacha. Nikauliza kama wote duniani wamekubali hivyo vijiti. Mwalimu akakuna shingo, akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu hadi leo: kuna matoleo ya baadaye ambayo watengenezaji wamerudisha usukani kwa wanaoutaka, kwa sababu kuna waliolalamika.

"Kwa hiyo walikosea?"

"Hawakukosea. Wanatoa uchaguzi."

"Hapa uchaguzi uko wapi?"

"Hapa imekuja hii."

Alipokuwa akituzungusha, kila alichokisifu mimi nilikitafutia mtu aliyekosekana. Ile duara kubwa inayogeuza bledi sasa imefunikwa, haihitaji kukazwa wala kupakwa grisi kila asubuhi. Nikamfikiria tanboi wa baba, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kulala chini ya mashine na bomba la grisi. Mteremko wa barabara unaupanga kwenye skrini, na bledi inautafuta yenyewe. Nikamfikiria fundi wa vipimo, halafu nikajifikiria mimi mwenyewe na fimbo yangu.

"Anayeanza leo atachukua muda gani kuwa opareta?" nikauliza.

"Muda mfupi zaidi kuliko zamani. Ndiyo uzuri wake."

"Yaani wa miaka mingi na wa jana wanakuwa sawa."

"Wanakaribiana."

"Na mshahara wao?"

"Hiyo si idara yangu, boss," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama vizuri. "Wewe ni opareta kweli?"

Tulipokuwa tunajaribu kuendesha, niliinuka kidogo kitini ili nione mbele ya gurudumu. Mashine ikapiga kelele ya ghafla, kali, kama mbuzi aliyekanyagwa. Mwalimu akaeleza kwamba kiti kinahisi uzito. Ukiinuka kinadhani umetoka. Nikamwona baba akilini, kifua mbele, na nikasema moyoni kwamba hapa ndipo watakapomwangushia.

Nilikosea. Hapo hapakuwa mahali penyewe. Palikuja baadaye, jambo dogo ambalo yule wa Suneka hakulisikiliza kwa sababu alikuwa anajipiga picha kwenye ngazi. Mwalimu alikaa kivulini, akafungua kishikwambi, akaanza kubonyeza. Nikasogea.

"Unaandika nini?"

"Naipangia ratiba. Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi hadi jioni."

"Ikiwashwa nje ya hapo?"

"Ofisi inapata ujumbe. Ikilala bure ndani ya hapo, pia inapata. Na inajua ni nani, maana kila opareta ana namba yake ya siri ya kuwashia."

"Ofisi ipi?"

"Ya mkandarasi. Na ya wenyewe huko Nairobi. Hii imekodishwa."

Baba yangu, kwa miaka yote niliyomfahamu, alizima greda Ijumaa alasiri. Alifika nyumbani jua likiwa bado juu, akaoga, akavaa shati safi, akaipokea Sabato yake ameketi. Halafu Jumapili, Wakatoliki wa ng'ambo ya bonde wakiwa hawajapiga kengele ya misa, yeye alikuwa tayari barabarani peke yake, analipa. Hakuna aliyempangia hivyo na hakuna aliyemzuia. Greda ya zamani ilikuwa na mita moja ndogo iliyohesabu saa za injini. Mwisho wa wiki saa zilitimia, mara nyingi zilizidi. Mita ile haikujua Ijumaa ni nini. Hii mpya ilijua.

*

Jumapili nilikata vigogo viwili vya mgomba, nikaweka kimoja kila upande wa kiti cha mbao, nikachomeka vijiti viwili vya mkahawa. Baba alikataa kukaa. Akazunguka kiti kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nimefika umri huu nichezee migomba?"

"Kaa, Tata."

Akakaa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akashika kiuno. "Haya, nipelekeni Daraja Mbili," akasema. "Nina ndizi za kuuza." Akaenda akasimama nyuma ya kiti kama abiria, akaanza kutingisha mabega. Hata baba alicheka.

Lakini mara akazama. Nikamwambia lete kushoto, akalaza kijiti. Nikamwambia inua ncha ya kulia, akavuta cha kushoto. "Kushoto kwangu au kushoto kwa mashine?" akauliza, na lilikuwa swali zuri. Tulirudia mpaka vijiti vikalegea, nikavichomeka upya mara kadhaa. Kila baada ya muda makalio yake yaliinuka kitini bila yeye kujua, nami nilipiga kelele ya mbuzi. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Mama alipoingia ndani, nikamweleza baba habari ya ratiba. Baba aliacha vijiti.

"Mkandarasi anajua habari ya Ijumaa yangu," akasema.

"Uliwahi kumwambia?"

"Kuna mambo mtu haambiwi. Anaelewa."

"Labda haelewi. Labda hakuwahi kuona."

"Mashine haina dini," akasema, kama anayejituliza.

"Ndiyo maana naiogopa."

Jumatatu walikuja watu wengi kutazama mtihani, kama wanavyokuja kutazama gari lililoanguka mtaroni. Kijana wa Suneka alipita kama maji. Baba alipopanda, mkondo wake wa kwanza ulikwenda kama nyoka. "Mzee, unatuandikia barua?" mtu akapaza sauti, wengine wakadakia. Kiti kikapiga kelele mara mbili. Nilitazama chini. Mkondo wa pili ulinyooka, wa tatu ulinyooka zaidi, na mwalimu akatingisha kichwa kukubali. Halafu akanigeukia: "Nawe ulikuwepo Jumamosi, panda." Nikapanda kwa aibu, nikachonga kipande changu kibaya, akaniandikia karatasi ya kufaulu kama wenzangu. Hivyo ndivyo tulivyobaki watu watatu wenye karatasi na mashine moja.

Kwa kuwa alipita, kiti kilibaki cha baba, akaendesha siku zilizofuata. Sikumwona akilalamika juu ya vijiti. Nilimwona tu, Jumatano, akisimama kwenye ngazi baada ya kazi na kuangalia antena ndogo juu ya paa, ile inayopeleka ujumbe ofisini, iliyo kama kifuniko cha sufuria. Akashuka akasema, "Kesho jioni twende Suneka."

*

Mkandarasi alitukaribisha kwenye yadi yake, kati ya magurudumu makuukuu na mapipa. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Alimvunjia baba nusu ya hindi, na baba akaipokea akaishika tu.

"Nimekuja kuomba Ijumaa yangu," baba akasema. "Nizime alasiri. Jumapili nitalipa, kama siku zote."

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mkandarasi akijifanya kushangaa. Hakushangaa.

"Ijumaa yako nimeijua tangu zamani, Mzee. Unadhani watu wa huko hawasemi? Nilijua, nikakaa kimya, kwa sababu kazi iliisha."

Baba akanitupia jicho. Nilistahili.

"Basi endelea kujua," akasema.

"Kujua kwangu hakuna shida. Shida ni kwamba sasa si mimi peke yangu. Wale wenye mashine wanaona. Itakapolala Ijumaa watanipigia, mbona imelala? Itakapoamka Jumapili watanipigia, nani ameiba? Nitawaambiaje? Kwamba nina mtu ananiibia siku na kunirudishia nyingine?"

"Badilisha ratiba," nikaingilia. "Ni kubonyeza tu. Nimeona."

"Nitabonyeza. Jumapili niiweke, sina neno. Lakini Jumamosi nzima haiwezi kulala. Naikodi ikitembea, naikodi ikilala."

"Mpe yule kijana wako wa Suneka siku hiyo," baba akasema.

Mkandarasi akatafuna polepole. "Nikimpa siku moja, mwezi ujao ataniuliza kwa nini asipewe zote. Na nitakosa jibu. Afadhali nimpe zote sasa." Akanielekezea hindi lake. "Lakini huyu wako ana karatasi. Ijumaa ukishuka, apande. Huyu hatakunyang'anya kiti." Akacheka. "Au utamnyang'anya?"

Sikupenda cheko lile. Nilianza kuhesabu nyuma: mafunzo ya Jumamosi, kijana wa Suneka, karatasi yangu niliyopewa bila kuomba. Je, alikuwa amepanga haya yote, ili apate watu wawili kwa nyumba moja, watakaochungana wenyewe? Mpaka leo sijui. Nikimtazama naona ndiyo, nikimtazama tena naona mtu anayekula mahindi.

"Huyu ni mwanangu," baba akasema.

"Ndiyo maana nakwambia."

"Na ndiyo maana nakataa."

Mkandarasi, ambaye ni Mkatoliki, hakuelewa. Mimi nilielewa, maana nilikaririshwa amri ile kabla sijajua kusoma. Sabato haimfungi baba wa nyumba peke yake. Inaanza na yeye, inamfuata mwana wake, inapita hadi kwa mgeni na kwa ng'ombe. Baba angeweza kupumzika mwenyewe tangu jua kuzama mpaka jua kuzama, na bado awe amevunja siku kwa mikono yangu.

Akainuka. Nikamfuata mpaka langoni. Barabarani bodaboda zilipita na mikungu ya ndizi. Nilijua kinachofuata. Tungepanda gari, tungerudi nyumbani, na Jumatatu yule wa miwani angekalia kile kiti. Baba angebaki na nusu ya hindi.

"Wewe unataka?" akauliza ghafla.

"Nataka uwe na kazi yako."

"Sijauliza hiyo."

Nilitaka kujibu kwa hekima, ikanishinda. "Nataka," nikasema. "Nimechoka kushika fimbo."

"Ungetaka hata kama mimi sipo?"

"Hata kama hupo."

Alifikiri akiangalia mahindi. "Basi si mimi ninayekutuma."

Nilishtuka. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kunipunguzia hata aya moja ya mafungu ya Biblia ya kukariri, na sasa alikuwa anatafuta upenyo kama wakili.

"Tata, hiyo ni hila."

"Inawezekana."

"Ukijua ni hila, inakusaidia nini?"

"Hilo nitalizungumza na Mwenyewe. Si lazima ulijue kila jambo wewe." Akageuka, akarudi ndani ya yadi kwa hatua ndefu. Nilimsikia kutoka langoni: "Mwandike yeye mwenyewe. Kwa jina lake na namba yake. Asiandikwe kwa ajili yangu."

Alipotoka, ile nusu ya hindi alikuwa ameshaila.

*

Ijumaa alasiri alizima mashine kwenye mteremko wa juu ya kituo cha majani chai. Nilikuwa nimesimama kando nikingoja anikabidhi, nikidhani atanieleza udongo ukoje mbele, mawe yako wapi. Alishuka, akanawa mikono na uso kwenye kijito, akachukua koti lake.

"Usipande kabla sijapita kona," akasema.

Nikangoja. Alitembea bila haraka. Niliutazama mgongo wake mpaka migomba ikauficha, ndipo nikapanda, nikabonyeza namba yangu.

Jumamosi asubuhi waumini walipita. Nilikuwa nimewasahau, au nilijidanganya kwamba nimewasahau. Akina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe, wazee na Biblia kwapani, wote kwenye barabara niliyokuwa naichonga. Niliinua bledi nikasimama wapite. Mzee mmoja wa kanisa alipunga mkono kwenye kioo, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Kijana, hata hiyo chuma leo ingependa kupumzika!" Watu wakacheka. Mama alipofika alinisalimu kama anavyomsalimu dereva yeyote, kisha akarudi nyuma hatua chache akanong'ona: "Umekula?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaendelea na safari.

Baba alikuja wa mwisho. Hakuniangalia. Aliangalia barabara. Alitembea katikati yake, taratibu, kichwa kimeinama, na pale kwenye kona alisimama. Alisimama kwa muda, akakunja midomo, akaendelea. Niliichukua ile midomo nikakaa nayo siku nzima kitini. Nilijiambia hiyo ni hukumu. Nilijiambia ameona mwanawe akifanya kazi siku takatifu na sasa anajua kwamba maneno ya langoni hayakufunika kitu. Nilichonga nikiwa na hasira, naye hakuwepo kuiona.

Jioni nilizima mashine muda wa ratiba ulipofika. Nikakaa kwenye ngazi. Jua lilishuka nyuma ya migongo ya upande wa ziwa, kukawa na ule mwanga mfupi wa mwisho. Nikamwona anakuja, sweta juu ya shati lake la kanisani, suruali ameikunja na kuiingiza kwenye buti za mpira.

"Pale kwenye kona," akasema bila salamu. "Umeacha tuta upande wa juu. Mvua ikija usiku, maji yatashuka katikati na kukata barabara."

"Umeliona lini?"

"Asubuhi."

"Na hukusema!"

"Asubuhi ilikuwa Sabato."

Nilimtazama. Nilitafuta usoni mwake kitu kingine, ile hukumu niliyoibeba tangu asubuhi, nikaona tu mtu aliyewashwa na jambo siku nzima bila ruhusa ya kujikuna.

"Utalitoa kesho," nikasema. "Kesho ni siku yako."

"Kuna wingu. Washa."

"Muda wa ratiba umepita. Nikiwasha itaripoti."

"Iripoti."

Alipanda ngazi akasimama nje ya mlango, mkono mmoja ameshika nguzo, maana kiti kilikuwa kimoja na zamu ilikuwa bado yangu. Nikawasha. Hatujafika hata kwenye kona, simu yangu ikalia. Ilikuwa ya Suneka.

"Nani ameiwasha saa hizi?" mkandarasi akauliza.

"Ni mimi."

"Na mzee wako yuko wapi?"

"Yuko hapa. Sabato imeisha."

Nikasikia kitu, kikohozi au kicheko, sikujua, na kwa mtu yule sitaki kukisia. Nje, baba alikuwa anagonga kioo kwa kidole, akinionyesha mahali pa kuishusha bledi.